Maji, Chumvi na Sukari: Historia ya Kumuuguza Mgonjwa wa Kipindupindu

Leo tunafuatilia safari ndefu ya tiba ambayo haikutoka katika kiwanda kikubwa cha dawa, haihitaji sindano, wala bei yake haimshindi maskini. Nayo ni maji safi yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa vipimo maalumu. Tiba hiyo, ambayo wengi tumeizoea kwa kifupi chake cha ORS, imewaokoa watoto wengi kuliko dawa nyingi zenye majina makubwa. Hata hivyo, tangu madaktari walipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa na maji, hadi maji hayo yalipothibitishwa kuwa yanaweza kunyweshwa kwa kinywa, ilipita zaidi ya miaka 130. Kwa nini ikachukua muda wote huo? Jibu, kama tutakavyoona, limo katika uuguzi kama lilivyo katika maabara.

Ugonjwa uliofuata njia za biashara

Mwaka 1817 kipindupindu kilivuka mipaka ya Bengal, nchini India, kikaanza kuzunguka dunia. Bahari ya Hindi, ile ile iliyowaletea wazee wetu tende, vitambaa na mchele kwa pepo za kaskazi, ikaleta pia maradhi. Mwaka 1821 ugonjwa uliingia Maskati, ukaua maelfu ya watu, kisha ukaenea katika bandari nyingine za Ghuba.

Zanzibar nayo haikusalimika. Mlipuko mkubwa wa mwaka 1869 na 1870 ulishuhudiwa na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo. Mwaka 1876 alichapisha mjini London kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Christie aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akafikia uamuzi kwamba safari hii ugonjwa haukuja kwa jahazi kutoka Arabuni, kama wengi walivyodhani. Ulipita bara, kupitia nchi ya Wamasai, ukashuka hadi Pangani, na ndipo ukavuka bahari kuingia Unguja. Njia za misafara zilikuwa zimegeuka kuwa njia za mauti.

Neno lenyewe kipindupindu linatukumbusha kitenzi kupindua, na aliyewahi kumwona mgonjwa wake hashangai kwa nini. Mtu aliyeamka mzima alfajiri huweza kuzikwa kabla ya jua kuchwa. Huhara maji meupe yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Macho huingia ndani, ngozi ya vidole hukunjamana, sauti hufifia na misuli hukakamaa kwa maumivu. Mgonjwa aliye mahututi anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa moja, na pamoja na maji hayo hutoka chumvi ambazo moyo na figo haviwezi kufanya kazi bila ya hizo.

Bibi kizee wa Leith

Ugonjwa ulipofika Uingereza mwaka 1831, kijana mmoja kutoka Ireland, William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa ametoka masomoni hivi karibuni, alichunguza damu ya wagonjwa. Aligundua kwamba damu hiyo ilikuwa nzito kupita kiasi kwa sababu ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya maji na chumvi zake. Akashauri kwamba kilichopotea kirudishwe.

Aliyethubutu kulitekeleza wazo hilo alikuwa Thomas Latta, daktari katika mji wa bandari wa Leith, nchini Uskochi. Mwezi Mei mwaka 1832 alimwendea bibi kizee mmoja aliyekuwa amekwisha katiwa tamaa. Alimwingizia mshipani maji ya chumvi polepole, na baada ya kufikia painti sita, yaani zaidi ya lita tatu, mambo yakabadilika. Macho yaliyokuwa yamezama yakarudi, mapigo ya moyo yakasikika tena, mwili ukapata joto. Bibi akaanza kuzungumza, hata akafanya mzaha, akisema kilichobaki ni usingizi kidogo tu.

Latta, akidhani hatari imepita, alimwacha mgonjwa mikononi mwa daktari wa hospitali, akaondoka kupumzika. Kuhara na kutapika kukarudi. Hakuna aliyemwongezea maji. Baada ya saa tano na nusu, bibi yule alifariki dunia.

Katika kisa hiki kifupi, msikilizaji, mna historia yote itakayofuata. Dawa ilikuwa sahihi, na mgonjwa aliinuka karibu kutoka kaburini. Kilichokosekana ni mtu wa kubaki kando ya kitanda, kutazama kinachotoka na kukirudisha, saa baada ya saa. Latta mwenyewe aliandika kwamba laiti kazi ile ingerudiwa, bibi yule angepona. Alifariki mwaka uliofuata, na njia yake ikaachwa. Kwa miongo mingi madaktari waliendelea kuwatoa damu wagonjwa wa kipindupindu, kuwapa dawa zenye zebaki, na hata kuwanyima maji ya kunywa wakiamini kwamba maji huchochea kutapika.

Waliobaki kando ya kitanda

Wakati wataalamu wakibishana, kazi ya kumlinda mgonjwa ilibaki kwa wauguzi. Mmoja wao alikuwa Mary Seacole wa Jamaica, binti wa mama Mjamaika aliyekuwa mganga na baba askari wa Kiskochi. Seacole aliuguza wagonjwa wa kipindupindu katika kisiwa chake mwaka 1850, na mwaka uliofuata katika mji mdogo wa Cruces, nchini Panama. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1857 anaeleza alivyowakanda wagonjwa kwa haradali na kuwapa maji yaliyochemshwa kwa mdalasini. Naye pia alitumia dawa za zebaki kama madaktari wa zama zake, kwa hiyo si kila alichokifanya kilisaidia. Lakini kikombe kile cha maji ya mdalasini kilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kisu cha kutolea damu.

Mwezi Agosti mwaka 1854, kipindupindu kilipoikumba London, Florence Nightingale alijitolea kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Middlesex, miezi michache kabla ya safari yake ya vita vya Crimea. Ni katika mlipuko huo huo ambapo daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa ulitoka katika maji ya bomba la mtaa wa Broad Street. Mwaka huo huo Filippo Pacini wa Italia aliviona vijidudu vya ugonjwa kwa darubini, ingawa dunia haikumsikiliza hadi Robert Koch wa Ujerumani alipovitambulisha upya mwaka 1883 na 1884, akifanya utafiti Misri na Calcutta.

Kujua kijidudu, hata hivyo, hakukumponya aliyekwisha ugua. Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers aliirejesha mjini Calcutta njia ya kuingiza maji ya chumvi mishipani, na vifo katika wodi zake vikapungua sana. Tangu hapo dripu ikawa tegemeo. Lakini dripu inahitaji sindano, mipira, maji yaliyotakaswa na mtu mwenye ujuzi wa kuutafuta mshipa ulionywea. Mgonjwa mmoja aliweza kuhitaji lita 10 au zaidi. Katika vijiji vya mabonde ya mito ya Bengal, ambako ugonjwa ulikuwa nyumbani, vitu hivyo vilikuwa ndoto.

Kipimo cha ndoo

Mwaka 1960 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Robert Crane wa Marekani alieleza jinsi utumbo mwembamba unavyofyonza sukari. Tuufananishe utumbo na nyumba yenye mlango unaofunguliwa na watu wawili kwa pamoja, glukosi na chumvi. Kila mmoja akija peke yake, mlango haufunguki vizuri. Wakija pamoja huingia, na maji huwafuata. Baadaye ilibainika kwamba sumu ya kipindupindu, ijapokuwa hufungulia maji yatoke kwa wingi kupitia njia nyingine, haiuharibu mlango huu.

Mwaka huo huo maabara ya utafiti wa kipindupindu ilianzishwa Dhaka, mji uliokuwa wakati ule katika Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Humo kilitumika kifaa cha ajabu kwa urahisi wake: kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na chini ya tundu ndoo yenye alama za vipimo. Mgonjwa hakuhitaji kuinuka. Muuguzi aliisoma ndoo kama mfanyabiashara anavyosoma daftari lake, akajua ni kiasi gani kimetoka na ni kiasi gani kirudishwe.

Wazo la kurudisha maji kwa kinywa lilikuwa limekwisha jitokeza. Mwaka 1953 daktari Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta aliripoti katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amewatibu kwa maji ya kunywa wagonjwa ambao hali zao hazikuwa mbaya sana, lakini ripoti yake haikuvuta macho. Jaribio lililofanywa nchini Ufilipino mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikwenda mrama, na wagonjwa kadhaa wakafariki kwa sababu maji waliyopewa hayakulinganishwa ipasavyo na waliyopoteza. Wakubwa wengi wa tiba wakaiogopa njia hiyo.

Vijana wawili wa Kimarekani katika maabara ya Dhaka, David Nalin na Richard Cash, hawakuiacha. Walipochunguza kushindwa kwa majaribio yaliyotangulia, waliona kwamba tatizo halikuwa mchanganyiko peke yake. Tatizo lilikuwa hesabu. Mgonjwa alitakiwa kunywa kiasi kile kile anachopoteza, si zaidi sana, si pungufu. Wakakaa zamu usiku na mchana kando ya vitanda, wakisoma ndoo na kujaza vikombe. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika Lancet mwezi Agosti mwaka 1968, yalionyesha kwamba baada ya dripu ya mwanzo kumwinua mgonjwa mahututi, maji ya kunywa yalipunguza mahitaji ya dripu kwa takriban asilimia 80.

Kile kilichokosekana Leith mwaka 1832 kilikuwa kimepatikana. Haba na haba hujaza kibaba, na kikombe kwa kikombe kilikuwa kimemrudishia mgonjwa uhai wake.

Bangaon, mwaka 1971

Kilichofaulu ndani ya wodi yenye watafiti kingefaulu katika tope la kambi ya wakimbizi? Jibu lilikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1971 vita vya uhuru wa Bangladesh viliwasukuma watu wapatao milioni 10 kuingia India, na kipindupindu kikawafuata. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta hospitali yenye vyumba viwili na vitanda 16, huku wagonjwa wakiwa wamelala sakafuni katika uchafu. Dripu zilikuwa zikimalizika.

Mahalanabis aliamua kutumia maji ya kunywa kwa wote walioweza kumeza. Mjini Calcutta wenzake walipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji, wakatia katika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto. Kambini mchanganyiko ulikorogwa katika mapipa yenye bomba. Na nani aliyewanywesha wagonjwa? Mama, dada, mume, jirani. Jamaa wa mgonjwa alichota kikombe, akakaa chini, akanywesha. Idadi ya wauguzi ikaongezeka kwa siku moja bila ya chuo kufunguliwa.

Wagonjwa zaidi ya 3,000 walihudumiwa. Hapo kabla, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kambini walikuwa wakifa. Chini ya utaratibu wa Mahalanabis vifo vilishuka hadi asilimia 3.6. Sisi watu wa redio tuna sababu ya kukikumbuka kisa hiki, kwani maelezo ya jinsi ya kuchanganya maji hayo yalitangazwa pia na kituo cha siri cha redio cha wapigania uhuru wa Bangladesh. Mahalanabis alifariki mwezi Oktoba mwaka 2022, na mwaka uliofuata India ikamtunukia nishani ya Padma Vibhushan.

Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha mpango wa kupambana na magonjwa ya kuhara, na mwezi Agosti mwaka huo jarida la Lancet likaandika kwamba ugunduzi wa jinsi sukari na chumvi zinavyosaidiana huenda ukawa hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne ya 20.

Mwalimu asiyeamini somo lake

Bado kulikuwa na kikwazo cha mwisho, nacho ni nyumba ya mwanakijiji. Shirika la Bangladesh la BRAC, lililoasisiwa na Fazle Hasan Abed, liliwatuma wanawake kuanzia mwaka 1980 kwenda mlango kwa mlango kuwafundisha akina mama. Hawakuwa na vijiko vya kupimia. Walifundisha kwa mkono: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, sukari guru ya konzi moja, na maji ya nusu lita hivi. Mshahara wa mwalimu ulitegemea ni mambo mangapi mama aliyakumbuka baadaye.

Akina mama waliyakumbuka vizuri, lakini mwanzoni wachache mno waliyatumia. Uchunguzi ulipofanywa, ikagundulika kwamba walimu wenyewe hawakuiamini dawa hiyo. Wakiugua wao, walikimbilia vidonge. Shirika likawarudisha darasani, likawaeleza jinsi mchanganyiko unavyofanya kazi, na tangu hapo walifundisha huku wakiyanywa maji hayo mbele ya wanafunzi wao. Aidha, ikaonekana kwamba akina baba hawakuwa wamehusishwa, basi mikutano ikaitishwa sokoni na misikitini. Katika miaka 10 zaidi ya nyumba milioni 12 zilifikiwa. Tangu mwaka 2006 shirika hilo linafanya kazi pia Tanzania na Uganda.

Onyo la Goma

Ingekuwa vyema kama makala haya yangeishia hapo. Lakini mwezi Julai mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wakapiga kambi juu ya mawe ya volkano ambako kuchimba kisima, au hata kaburi, kulikuwa shida. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kilizuka, kikafuatiwa na ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walifariki, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara.

Wakati huo ORS ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya robo karne. Ndege zilileta misaada na mashirika yalijaa. Watafiti kutoka Dhaka waliokwenda Goma kusaidia waliandika mwaka 1995 kuhusu sababu za vituo vya tiba kushindwa: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, aina zisizofaa za dripu zilitumika, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kuuguza wagonjwa mahututi wa kipindupindu. Bibi kizee wa Leith, kwa namna fulani, alikuwa amekufa tena, safari hii mara maelfu.

Hali ilivyo leo

Mchanganyiko wenyewe umeendelea kuboreshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, WHO na UNICEF walipitisha ORS yenye chumvi na sukari kidogo zaidi kuliko ile ya zamani, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba inapunguza kuhara na kutapika kwa watoto. Mwaka 2004 mashirika hayo yakashauri pia kila mtoto anayehara apewe madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Karibu mwaka 1980, kuhara kulikuwa kukiua watoto wa chini ya miaka mitano wapatao milioni 5 kila mwaka. Leo, kwa mujibu wa WHO, idadi hiyo ni chini ya nusu milioni.

Hata hivyo, chini ya nusu ya watoto wanaohara duniani hupewa ORS. Utafiti uliofanywa katika majimbo mawili ya India na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba sababu kubwa si ukosefu wa dawa. Watoa tiba wengi hudhani mgonjwa hataki maji ya chumvi na sukari, kwamba ataridhika tu akipewa kidonge au sindano. Dawa imedharauliwa kwa sababu ni rahisi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa ajili ya msikilizaji mwenye kalamu mkononi, hiki ndicho kipimo cha nyumbani pale pakiti ya ORS inapokosekana: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi, kwani ikizidi ni hatari. Mtoto anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo, na akitapika mngojee dakika 10 hivi kisha uendelee. Anyonye na ale kama kawaida. Akilegea, akishindwa kunywa, akihara damu au macho yakizama, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na maji yaendelee kunyweshwa njiani.

Wengi wetu tuko mbali na nyumbani, na habari za ugonjwa hutufikia kwa simu, usiku, kutoka Goma, Kigoma, Unguja au Mombasa. Desturi yetu ni kuuliza: wamempa dawa gani? Historia hii inatufundisha kutanguliza maswali mengine mawili. Nani amekaa naye? Na tangu asubuhi, amekunywa vikombe vingapi?